Nilivyoshusha mkia wa MGB yangu mara mbili

Kwenye ukuta wa gereji yangu hapa Coventry, Uingereza, kuna safu ya namba nilizoandika kwa chaki. Ya kwanza juu ni 388 kulia, 374 kushoto. Inayofuata ni 437 na 433. Halafu 412 na 408. Ya nne nimeipigia mstari mara mbili: 411 kulia, 390 kushoto, na pembeni yake kuna tarehe ya Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba. Zote ni milimita, zimepimwa kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa chini wa ule utepe wa kromu unaopita ubavuni mwa gari. Ukiniuliza nimejifunza nini kuhusu kushusha gari la zamani, nitakupeleka mbele ya ukuta huo kwanza, maana nusu ya makosa yangu yanasomeka pale.

Gari lenyewe ni MGB GT ya mwaka 1976, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya kijani, mojawapo ya zile zenye bampa kubwa nyeusi za mpira. MGB zilianza kutengenezwa mwaka 1962 katika mji mdogo wa Abingdon, karibu na Oxford. GT, yaani ile yenye paa na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ilifuata mwaka 1965, na kiwanda kilipozima mashine mwaka 1980 zilikuwa zimetoka zaidi ya 500,000 kwa jumla. Mpaka mwaka 1974 gari lilikuwa limelala chini vizuri, lina bampa nyembamba za kromu. Kisha zikaja sheria za Marekani, soko lao kubwa: bampa zihimili mgongano wa maili 5 kwa saa, na bampa na taa ziwe na kimo maalumu kutoka ardhini. Kuunda upya sehemu ya mbele kungegharimu fedha nyingi, kwa hiyo wakaweka bampa za mpira na kuliinua gari zima kwa takriban inchi moja. Inchi moja inasikika kama kitu kidogo. Lakini gari la michezo lililoinuliwa inchi moja huinama kwenye kona kama mashua iliyopakiwa vibaya, na kwa miaka 50 wenye magari haya wamekuwa wakitafuta namna ya kuirudisha inchi hiyo ilikotoka.

Mimi sikuanza na nia ya kulishusha. Nilianza kwa sababu springi ya kushoto ilikuwa imevunjika. MGB nyuma haina springi za koili, ina springi za bapa: vyuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, kama vile vya lori au Land Rover. Ekseli inakaa juu ya fungu hilo la vyuma na kufungwa kwa boliti za U, mbili kila upande. Mbele springi inashikwa na boliti moja inayopita katikati ya jicho lake, yaani tundu lililo mwishoni mwa chuma kirefu. Nyuma inaning'inia kwenye vibao viwili vya chuma vinavyobembea, ili springi ikinyooka ipate pa kurefukia. Shokapu nazo ni za kizamani, si zile ndefu tulizozizoea. Ni kisanduku cha chuma chenye mafuta ndani na mkono unaopanda na kushuka.

Vyuma hivi nimevijua tangu utotoni. Nimelelewa na baba mdogo Muheza, mkoa wa Tanga, na yeye alikuwa fundi wa magari ya shamba la mkonge. Nikitoka shule nilikuwa nafikia gereji. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma vya springi kwa mafuta ya taa, kuvisugua kwa brashi ya waya mpaka ving'ae, na kuvipaka grisi kabla hajavipanga. Yeye alikuwa na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe, na chuma kilicholegea alikipiga nyundo kikiwa baridi, pigo moja moja kwa nafasi sawa, mpaka kirudi kwenye upinde wake. Moto hakuutaka karibu na springi hata kidogo. Alikuwa akisema chuma cha springi kikionja moto usio na kipimo kinasahau kazi yake. Siku hizi mimi ni fundi wa mabasi, zamu ya usiku, na mabasi ya sasa yanakaa juu ya mifuko ya upepo. Miaka ishirini na zaidi sikuwa nimegusa springi ya bapa. Nilidhani mikono itakumbuka yenyewe.

Nikaagiza springi mbili mpya na bushi zake, ile mipira inayokaa ndani ya macho ya springi. Kabla ya kufungua chochote nikapima, na hilo nashukuru nililifanya: 388 na 374. Pima kutoka katikati ya gurudumu, usipime kutoka ardhini. Ukipima kutoka ardhini unapima pia upepo wa tairi, uchakavu wake na mteremko wa sakafu yako, na sakafu ya gereji yangu inateremka kuelekea mlangoni kwa sentimita nzima.

Kazi niliyoitengea siku moja ilikula siku tatu, na mbili kati ya hizo ziliishia kwenye boliti ya mbele ya upande wa kulia. Boliti hiyo inapita ndani ya bomba dogo la chuma lililo katikati ya bushi. Maji ya chumvi ya barabara za hapa, chumvi wanayomwaga wakati wa baridi ili barafu isishike, yanaingia humo miaka nenda miaka rudi mpaka boliti na bomba vinakuwa kitu kimoja. Nilimimina mafuta ya kulegeza kutu Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi. Nati ikafunguka, boliti ikazunguka, nikafurahi. Kumbe ilikuwa inazunguka pamoja na bomba lake, na mpira wa bushi unajisokota tu. Haikutoka hata unywele. Mwishowe nilichukua msumeno wa mkono, nikakata kichwa cha boliti upande mmoja na nati upande mwingine, nimelala chali, vumbi la kutu likiniangukia machoni. Nilipomaliza upande ule jua lilikuwa limeshazama. Kama unaanza kazi hii, nunua boliti mpya za mbele kabla hujagusa spana, na mpya zipake grisi ya shaba kabla ya kuziingiza.

Springi mpya zikaingia. Gari lilikuwa juu ya stendi, ekseli inaning'inia, nafasi ya kuingiza mkono ni tele, na mimi nikakaza kila kitu kwa nguvu niliyotakiwa: boliti za mbele, vibao vya nyuma, boliti za U. Nikashusha jeki. Nikatoka nje nikalitazama.

Mkia ulikuwa umesimama. Lilikuwa kama kuku anayedonoa mtama. Nikapima: 437 na 433. Upande wa kushoto ulikuwa umepanda karibu sentimita 6. Ni kweli springi za zamani zilikuwa zimechoka na moja imevunjika, kwa hiyo kupanda kiasi nilikutarajia, lakini si kiasi kile. Na halikuwa suala la sura tu. Kwenye mzunguko wa barabara uliolowa mvua, nyuma ilikuwa nyepesi, inataka kutangulia mbele. Taa zilimulika lami iliyo mita chache kutoka pua ya gari. Gari nililokuwa naliendesha kwa raha likawa linanipa wasiwasi kila kona.

Nikauliza watu. Jibu nililopewa na karibu kila mmoja ni kwamba springi mpya hukaa baada ya muda, nilipe muda. Jibu hilo lina ukweli ndani yake: springi mpya hushuka kidogo katika maili mia chache za kwanza. Kwa hiyo nikasubiri, na ili kuharakisha nikaweka mifuko miwili ya mchanga, kilo 25 kila mmoja, nyuma ya viti. Nilizunguka na mchanga ule wiki saba. Nilipoutoa nikapima, nikapata 436 na 432. Milimita moja.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili naliona kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kujiuliza kwa nini gari limekaa juu, nikatafuta cha kulishusha. Vipo, vinauzwa, na ni rahisi: bloku za alumini zenye unene wa inchi moja, unaziweka kati ya springi na ekseli, na boliti ndefu zaidi za U. Ekseli inapanda milimita 25 kuelekea bodi, maana yake bodi inashuka milimita 25. Kazi ya saa tatu. Nikafunga, nikapima, nikaandika 412 na 408, nikarudi nyuma hatua kumi nikalitazama gari, na kusema kweli lilipendeza. Mke wangu alitoka na kikombe cha chai akasema, "Sasa linafanana na lile la kwenye picha."

Jumapili tukawapandisha watoto wetu wawili kwenye kile kiti kidogo cha nyuma twende kwa shemeji. Mtaa wetu una matuta manne. Kwenye la kwanza nilisikia du! chini ya kiti cha watoto. La pili, du! Ilikuwa ekseli inapiga mipira ya kizuizi, ile mipira iliyowekwa ili chuma kisigonge chuma springi inapofika mwisho wa safari yake. Nilikuwa nimeshusha gari bila kufikiri kwamba kila milimita unayoshusha bodi kwa bloku unaichukua kutoka kwenye nafasi ya ekseli kupanda. Springi haijabadilika, ugumu wake ni uleule. Ulichopunguza ni chumba chake cha kufanyia kazi. Mwanangu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza kama gari limekasirika. Nikaenda kwa mwendo wa kobe mpaka tulipofika.

Nikajiambia nitavumilia, gari hili mara nyingi naliendesha peke yangu. Nikavumilia mwezi mmoja na siku kadhaa.

Jumatatu ile ya Novemba nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikafungua gereji kuchukua kitu, na gari lilikuwa limeinama. Upande wa kushoto umekwenda chini, dhahiri kwa macho. Hakuna aliyeligusa. Nikachukua tepu: 411 na 390. Usiku mmoja, milimita 18 upande mmoja. Jambo la kwanza nililoliwaza ni kwamba springi mpya imevunjika, na nililala chini ya gari na tochi nikihesabu vyuma kimoja kimoja. Vyote vizima. Boliti ya katikati nzima. Bloku ipo mahali pake. Ndipo nilipoona, kwenye jicho la mbele la springi, mpira wa bushi umetoka nje kama ulimi, umechanika kuzunguka bomba lake la ndani. Bushi ya miezi minne.

Nikampigia baba mdogo. Sasa ni mzee, gereji ameshaiacha, yuko Ngamiani, Tanga mjini, kwa binti yake, lakini simu ya picha anaiweza.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Wazima huko? Mbona uso una masizi asubuhi yote hii?"

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Hebu geuza simu nione jicho la springi." Nikaisogeza simu mpaka karibu kabisa, tochi mkono wa pili. Akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekata.

"Huo mpira haukubonyea," akasema. "Umesokotwa mpaka ukakatika. Ulipokaza boliti ya mbele, gari lilikuwa wapi?"

"Juu ya stendi, ba'mdogo."

"Na matairi?"

"Yananing'inia."

"Mwanangu. Watu niliokuwa nawapandisha nyuma ya Land Rover, unadhani walikuwa wanasubiri lifti?"

Nilinyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyodhani. Kwa miaka yote ile. Nilikuwa namwona anafunga springi, anaingiza boliti, anazungusha nati kwa vidole tu, kisha anapiga kelele "Shusha kwanza!" Gari linashushwa kwenye magurudumu yake, anaita vijana wanne au watano wa shambani wakae nyuma kwenye bodi, wanacheka, wanapiga soga, na yeye anaingia chini na spana ndefu. Akitoka, wanashuka na kwenda zao. Mimi mtoto wa miaka kumi niliona ni watu wanaopumzika. Walikuwa ni uzito. Alikuwa anakaza springi ikiwa kwenye kimo ambacho gari litafanyia kazi.

Sababu yake ni hii, na nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa sikuipata kwa mtu mwingine yeyote niliyemuuliza. Bushi ya jicho la mbele si kipande cha mpira kinachoteleza. Ina bomba la nje lililobanwa ndani ya jicho la springi, na bomba la ndani linalobanwa na boliti kwenye bodi, na katikati yake mpira ulioshikamana na mabomba yote mawili. Hakuna kinachozunguka. Springi inapopanda na kushuka, jicho linageuka kidogo, na mpira unajisokota na kujirudisha. Pale utakapokaza boliti ndipo mpira unapopahesabu kuwa nyumbani. Ukikaza ekseli inaning'inia, umeuambia mpira kwamba nyumbani ni chini kabisa. Ukishusha gari, jicho linageuka, na mpira unasokotwa kwa nguvu na kubaki umesokotwa mchana na usiku, gari likitembea au limelala. Mpira huo unataka kurudi nyumbani, kwa hiyo unasukuma bodi juu. Umekuwa springi ya pili ambayo hakuna aliyeinunua. Ndiyo maana mchanga wangu wa wiki saba haukufanya kitu: nilikuwa nasubiri chuma kikae wakati kilichokuwa kinainua gari ni mpira. Kisha nikaweka bloku juu ya kosa lile, nikaruka nalo matuta, mpira ukachoka, ukakatika. Zile milimita 18 zilizopotea usiku mmoja ndizo ulizokuwa unazibeba.

Baba mdogo alinikumbusha na jambo jingine. Land Rover zile zilikuwa na springi ya upande wa dereva iliyopinda zaidi kidogo kuliko ya upande wa pili, kwa sababu dereva yupo kila siku na abiria hayupo kila siku. "Kwa hiyo usipime gari tupu ukafurahi," akasema. "Wewe una kilo ngapi sasa?" Nina 84. Na tangi la MGB liko nyuma, linabeba karibu lita 50. Likijaa ni kilo 35 na ushee juu ya springi hizohizo. Tangu siku hiyo napima nikiwa na nusu tangi na uzito kwenye kiti cha dereva.

Nikaanza upya. Bloku nikazitoa zote mbili. Bushi mpya, pande zote mbili, ingawa ya kulia ilikuwa haijachanika. Nilipoitoa niliona nyufa nyembamba zimeshaanza kuuzunguka mpira. Boliti zilizopakwa grisi ya shaba zilitoka kwa mkono mmoja, na hilo lilinifariji. Safari hii niliingiza kila kitu na kukaza kwa vidole. Nikarudisha magurudumu, nikalirudisha gari kinyumenyume juu ya ngazi mbili za chuma zenye mteremko, zile za kupandishia matairi, ili nipate pa kuingia huku uzito wote ukiwa kwenye matairi. Nikaweka vizuizi vya mbao kwenye magurudumu ya mbele na stendi chini ya bodi kwa tahadhari, zisizogusa. Mifuko yangu ya mchanga nikaipa kazi ya maana: nikaongeza wa tatu, nikaiweka yote kwenye kiti cha dereva. Kisha nikabonyeza nyuma ya gari mara kumi kwa mikono miwili, nikaliacha likae linavyotaka lenyewe. Ndipo nikaingia chini na spana. Boliti za mbele kwanza, vibao vya nyuma baadaye.

Nikaendesha maili 120 kwa wiki mbili, nikalirudisha juu ya ngazi zile, nikalegeza, nikabonyeza tena, nikakaza tena. Namba ya tano ukutani: 416 na 415. Springi zilezile, gari lilelile, bila bloku. Kutoka 437 limeshuka milimita 21, kidogo kwa uzito ninaouweka sasa kwenye kiti cha dereva, kiasi kikubwa kwa sababu ya mahali nilipokazia boliti. Na tofauti ya kulia na kushoto, iliyokuwa 4, imebaki 1.

Mbele ya gari kipimo changu ni 403, na nilitaka ule utepe wa kromu ulale sawa kutoka pua hadi mkia. Sikutaka nyuma iende chini kuliko mbele, gari linaonekana kama mbwa anayetaka kuketi, na taa zinamulika madirisha ya watu. Kwa hiyo nilihitaji milimita 12 au 13. Zipo bloku za nusu inchi. Ila safari hii sikununua kabla ya kupima nafasi ya ekseli. Niliomba udongo wa kuchezea wa watoto, ule wa rangi, nikabandika donge nene juu ya kila mpira wa kizuizi, nikajaza tangi, nikawapandisha watoto wote wawili na begi lao, nikaenda matuta yote manne kwa mwendo wa kawaida, kwenda na kurudi. Nyumbani nikapima unene wa donge lililobaki lisilobonyezwa. Upande uliobaki na nafasi ndogo ulikuwa na milimita 27. Ukitoa 13 zinabaki 14, na hizo ni za siku mbaya kuliko siku nyingi. Bloku za inchi moja zingeacha milimita 2. Ni hesabu ya kutoa tu, na ningeweza kuifanya kabla sijatoa hata senti.

Nikafunga za nusu inchi. 403 kulia, 402 kushoto.

Kuna mambo madogo niliyokutana nayo njiani ambayo nayataja harakaharaka. Matairi ya 185/70 aliyoyaacha mwenye gari wa kabla yangu yalikuwa yanasugua ukingo wa ndani wa madigadi kushoto gari likiinama. Nimerudi kwenye 165 kama lilivyotoka kiwandani na kelele imekwisha. Hakikisha hosi ya breki inayotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli haivutiki ukiwa umeishusha ekseli, na kamwe usiiache ekseli ikaning'inia kwa hosi hiyo. Angalia bomba la ekzosi linapopita juu ya ekseli, maana ekseli sasa iko karibu nalo zaidi. Rekebisha taa ukimaliza, si kabla. Kampuni ya bima niliwapigia nikawaambia nimeshusha gari nusu inchi. Waliandika, wakanitumia karatasi, bei haikubadilika, lakini usinyamaze, wakigundua wao siku ya ajali utajuta. Na ingawa magari yaliyozidi miaka 40 hayalazimiki kupita MOT, ukaguzi wa magari wa kila mwaka wa hapa, tangu mwaka 2018, mradi hayajabadilishwa mno, mimi langu nalipeleka kila mwaka. Napenda jicho la mtu mwingine lipite chini ya kitu ninachowapandishia watoto wangu.

Mbele sijagusa. Huko ni springi za koili na hesabu nyingine kabisa, na gari kwa sasa linaingia kona bila kunitisha. Juzi nilipita mzunguko uleule uliolowa, mvua ileile ya hapa isiyoisha, na nyuma ilifuata mbele kimyakimya. Nilizunguka mara mbili ili nihakikishe.

Jioni yake nikampigia baba mdogo nimwonyeshe. Nikazunguka gari zima na simu, nikamsomea namba za ukutani kuanzia ya juu mpaka ya mwisho. Akanitaka nirudie ya tano. Nikarudia: 416, 415.

"Hapo ndipo gari lilipoanza kuwa lako," akasema. Kisha akauliza, "Boliti za U, baada ya kuweka hizo bloku, umeshatembea maili ngapi?"

"Kama 90."

"Umerudia kuzikaza?"

Nikamwambia bado, nilipanga wikiendi. Akaniangalia tu kwenye kioo cha simu, miwani imemshukia puani. Nikaiegemeza simu juu ya kopo la rangi ili aone, nikachukua spana, nikaingia chini.